Kopila Akata Kiu Siku ya Tij

Zilibaki siku tano kufika Tij, sikukuu ya wanawake ya kufunga na kucheza ngoma, na Kopila hakutulia kwa furaha. Kaka yake angekuja kumchukua aende kwao, akacheze ngoma na dada zake ambao hakuwaona kwa miaka miwili. Mimba yake ilikuwa ya miezi saba.

Hofu yake ilikuwa moja. Akicheka au akipiga chafya, mkojo ulimponyoka. Akicheza mbele ya kijiji kizima itakuwaje?

Siku ya Tij wanawake hufunga bila kunywa hata tone la maji, wakiwaombea waume zao maisha marefu. Kopila akaona pa kujifichia. Akaanza kufunga mapema ili asiwe na mkojo wa kumponyoka, na mama mkwe wake akajigamba bombani kwamba amepata mkamwana mcha Mungu.

Siku ya pili mkojo ukawa mchache, umekolea rangi, tena unachoma. Jirani yao Devisara, mhudumu wa afya wa kijiji, alimkuta amejikunyata, akamdodosa mpaka akasema yote.

"Wewe mtoto, nani kakwambia mkojo unakomeshwa kwa kiu?" alisema Devisara. "Mimba imekalia kibofu, ndiyo maana mkojo unakuponyoka. Hilo ni kawaida. Kunywa maji, wala usijibane. Lakini huko kuchoma ni ugonjwa, na ukiuachia unaweza kuzaa kabla ya siku zako. Inuka twende."

Zahanatini walimpima mkojo, wakampa vidonge vinavyomfaa mjamzito. Wakamsisitiza avimalize vyote, hata akipata nafuu. Njiani Devisara alimfundisha kukaza misuli ya chini kama anayezuia mkojo, kuhesabu hadi tano, kisha kulegeza. Mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Kopila akajaribu, uso umemkunjamana.

"Uso uache, mama. Kaza huko chini."

Nyumbani alimwendea mama mkwe. "Mama, sikufunga kwa ibada. Nilifunga kwa aibu."

"Nilipokuwa na mimba ya huyo mumeo, mimi nilijikojolea mpaka sokoni," alisema mama mkwe. "Sikumwambia mtu. Nenda kwenu ukanywe maji. Nitafunga mimi."

Siku ya Tij, Kopila akiwa kwao, kuchoma kulikuwa kumekwisha. Alivaa kitambaa safi ndani, akaenda haja, akaingia kucheza katikati ya dada zake. Alipoinua bilauri ya maji, shangazi mmoja akamkodolea macho.

"Mumeo humwombei?"

"Mama yake anamwombea," alijibu Kopila. "Mimi namnywea mtoto."

Wakacheka wote, na Kopila akacheka kuliko wote, bila kujibana.