Scola na Kijia cha Ng'ombe

"Scola, nani anakukimbiza?"

Mama Cornel, jirani yao pale kijijini Tlawi, aliuliza hivyo asubuhi moja, ungo wa maharage mapajani. Scola, binti wa miaka kumi na mitatu, akasimama na kidumu chake cha maziwa, akihema.

"Shikamoo, mama. Hakuna. Ninafanya mazoezi."

"Marahaba. Na hayo maziwa nayo yanafanya mazoezi? Utamfikishia katekista siagi."

Kila siku kabla ya shule Scola alipeleka maziwa kwa katekista, ng'ambo ya kilima. Barabara ilikizunguka kilima chote na kupita zahanati, kwa hiyo hakuifuata. Alipita kijia cha ng'ombe, kinachokata kilima katikati. Watoto wote wa pale walifanya hivyo. Mtu akionekana anafuata barabara yote, watu husema huyo ni mgeni, au amevaa viatu vipya.

Jumamosi ya wiki hiyo palikuwa na mbio za kata, kilomita nane kuzunguka kilima, kuanzia na kumalizia uwanja wa shule. Wasichana watatu wa kwanza wangekwenda kambi ya wilaya, Mbulu mjini, wiki mbili nzima. Scola hakuwahi kushindana mbio ndefu, lakini nafasi hiyo aliitaka hata usingizini. Eva, rafiki yake wa darasani, aliitaka vilevile. Eva hakuwa na kasi, ila tangu Pasaka alikizunguka kilima kila jioni, na wavulana wakimwona walipiga kelele, "Pisheni, trekta linapita!"

Mwalimu Rogathe, aliyehamia kutoka Same, akawakumbusha kufuata barabara mwanzo hadi mwisho. Kisha akapiga filimbi. Wasichana kumi na wanne wakachomoka kama ndama waliofunguliwa zizini. Scola aliongoza. Alikimbia mbio zake za maziwa, zile za kufika upesi, na kilomita ya pili haikuisha kabla kifua hakijawaka moto. Akapitwa na mmoja, na mwingine. Eva akampita bila kugeuza shingo. Mwisho wakampita wote.

Alipofika kwenye njia panda, miguu yake ikakata kona yenyewe. Yeye alikuwa anawaza maji tu. Aligundua yuko kwenye kijia alipoliona jiwe ambalo kila siku hupumzishia kidumu. Akasimama. Akatazama nyuma, akatazama mbele. Kurudi ni kuwa wa mwisho. Akasonga mbele.

Alipotokea barabarani upande wa pili, wasichana wawili walikuwa wamekwisha kupita, na nyuma yao hapakuwa na mtu. Akaingia nyuma yao. Akamaliza wa tatu. Eva alifika wa nne, akakaa kwenye nyasi, akavua raba zake zilizotoboka na kuzikung'uta mchanga, moja, halafu nyingine. Hakulia, ila alimtazama Scola kama anayejiuliza alipitwa wapi.

Jioni baba yake Scola, mzee Onesphory, alizunguka na simu mkononi akiwaonyesha majirani picha ya Scola akimaliza mbio. "Mwone! Huyu ni wangu!" Scola akasema kichwa kinamuuma, akaenda kulala bila kula.

Jumapili kanisani, walipofika kwenye sala ya kuungama, midomo yake ilicheza lakini sauti haikutoka. Nje, Mama Cornel alimsimamisha.

"Leo hakuna anayekukimbiza, Scola, lakini naona kama umekamatwa."

Scola akainama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Jumatatu, kabla ya kengele, alisimama mlangoni kwa mwalimu Rogathe.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umefuata fomu ya kambi?"

"Hapana, mwalimu. Mimi sikuzunguka kilima. Nilipita kijia cha ng'ombe."

Mwalimu akaweka kalamu chini. "Hukusikia niliposema mfuate barabara?"

"Nilisikia. Mwanzoni ni miguu, imezoea. Baadaye nilijua, nikaendelea tu."

"Baba yako anajua?"

"Nimemwambia leo asubuhi. Amefuta ile picha."

Mwalimu akachukua rula, akapiga mstari juu ya jina la tatu, akaandika la Eva.

Wino haujakauka, wakasikia hodi. Mama Cornel akaingia na ndoo ya shule. Jumamosi yeye ndiye aliyesimama zahanati, akiwapa wakimbiaji maji na kuhesabu wanaopita.

"Ile karatasi yako ya kuhesabia ililowa, mwalimu. Nikahesabu kwa haya." Akafungua fundo la kanga, akamwaga maharage mezani. "Kila aliyepita, haragwe moja."

Mwalimu akayahesabu kwa ncha ya kalamu. Kumi na matatu. Scola akayahesabu tena kwa macho.

"Na walioondoka hapa ni kumi na wanne," Mama Cornel akasema. "Ndiyo maana nimekuja na neno."

"Neno lako limefika kabla yako, mama. Mwenyewe amelileta sasa hivi."

Mwalimu akamgeukia Scola.

"Sikiliza, binti. Miguu ikipotea njia, mtu hurudi, na hakuna wa kumlaumu. Ukishajua umepotea halafu ukaendelea, hapo usiisingizie miguu. Umechelewa siku mbili, na Eva ameumia siku mbili. Lakini umerudi mwenyewe, kabla hujaletwa. Ukweli unaosemwa kabla ya shahidi kufika ndio unaomjenga mtu. Kambi ni ya Eva. Wewe, mbio za mwakani zipo. Na leo saa kumi jioni utazunguka kilima pamoja naye. Anahitaji mtu wa kumkimbiza."

"Ndiyo, mwalimu."

Mama Cornel akayakusanya maharage yake na kuyarudisha kwenye kanga. Moja akalibakiza. Akaushika mkono wa Scola, akaliweka kiganjani, akavifunga vidole vya mtoto juu yake. Kisha akaisogeza ndoo pembeni ya kabati, akasema, "Hilo ni lako, la kupita zahanati leo jioni," akatoka.