Mshipa Uliokataa Kubonyea

Foleni ya vipimo hospitalini ilifika hadi mlangoni siku fundi cherehani alipoingia kwa magongo, shati lake la bluu alilolishona mwenyewe limenyooka kama la bwana harusi. Alikuwa ametoka kupasuliwa goti. Mpimaji, dada mrefu mwenye koti jeupe lililompwaya, alimpaka jeli ya baridi mguuni, akaanza kubonyeza mishipa kwa kifaa chake cha ultrasound. Mshipa mzima hubonyea. Wenye damu iliyoganda hugoma.

"Hilo koti walikushonea au walikutupia?" fundi aliuliza.

"Tulia, nisije nikakupima hadi ulimi."

Mishipa yote ilibonyea. Koti lilikwenda kupunguzwa, namba za simu zikafuata, na kwa wiki mbili walipigiana kila jioni.

"Umekula, mpenzi?"

"Nitakulaje sijasikia sauti yako?"

Mambo ya kawaida ya watu waliopendana.

Kwenye kipimo cha pili, mpimaji alibonyeza paja mara moja, mara tatu, akakunja uso. Majibu hutolewa na daktari tu. Mpimaji akifungua mdomo, kazi yake iko hatarini.

"Mbona umenuna? Nimekukosea nini?"

"Kamsubiri daktari nje."

Fundi aliona amechokwa. Hakumsubiri mtu. Alikwenda stendi, akapanda basi, akatuma ujumbe: "Niko stendi, naenda kwa dada yangu. Usijisumbue." Simu ikalia mara kumi na moja, asipokee.

Mpimaji alifika basi likiunguruma, jeli ingali vidoleni.

"Shuka."

"Kwa nini?"

"Siruhusiwi kusema."

"Basi na mimi siruhusiwi kushuka."

Abiria walicheka. Mpimaji hakucheka. Kazi aliipenda, lakini kumzika huyu hakuweza.

"Damu imeganda pajani mwako! Ukikaa humo saa nane nzima, huenda ikapanda mapafuni. Nakupenda, shuka!"

Alishuka.

Fundi alilazwa, akachomwa sindano. Mpimaji alipewa barua ya onyo, akaitia sahihi bila kubisha. Miezi mitatu baadaye, fundi aliporudi kupimwa, alimkuta amekunja mikono.

"Leo atakupima mwenzangu. Haturuhusiwi kupima jamaa zetu."

"Mimi jamaa yako tangu lini?"

"Tarehe si utapanga wewe? Mimi nasubiri."

Fundi alinyoosha kola ya shati.

"Jumamosi nakuja kwenu kumwona mama, na posa mkononi," alisema.