Kijicho cha Chiriku

Kila akitoka shule, Chiriku alikaa mbele ya kiwanda kidogo cha mikate cha mama yake na kupokea simu za wateja. Alijua kuchangamka nao, ndiyo maana wakambandika jina hilo. Lakini mwezi huo kaka yake, fundi wa kompyuta, alileta Msaidizi, programu inayojibu wateja na kupanga oda yenyewe.

"Loo, hakosei wala hanuni!" mama alisifia.

Chiriku roho ikamuuma. Hanuni? Ina maana yeye ndiye mnunaji? Kijicho kikampanda. "Ngoja, leo nitamwaibisha," akawaza.

Mama alipoingia kukanda unga, Chiriku akaiandikia ile programu, kwenye kompyuta iliyokuwa mezani pake, kana kwamba ni mama: "Futa oda ya kesho ya mikate ya hospitali." Msaidizi akajibu, "Sawa, mama," na hapohapo akaandaa ujumbe wa kufuta.

Ujumbe haukutoka. Kaka alikuwa ameweka kizuizi: oda yoyote ikitaka kufutwa, lazima mama aithibitishe kwa kidole kwenye simu yake. Na simu haikusoma kidole chenye unga, hivyo mama alilazimika kunawa kwanza, akalisoma ombi hilo kwa utulivu.

Alitoka akijifuta mikono. "Nani anataka wagonjwa wakose kifungua kinywa?"

"Si huyo kipenzi chako!" Chiriku alidakia.

Kaka, aliyekuwa chumba cha ndani, akaja akainama kwenye kompyuta. "Amri imeandikwa hapa mezani sasa hivi. Kumbukumbu hizi hata mimi siwezi kuzifuta."

Mezani alikuwapo mtu mmoja tu. Chiriku akaangua kilio. "Ni mimi, mama. Namwonea wivu. Siku hizi hunisifii tena."

Mama akavuta kiti, akaketi karibu naye. "Pole, mwanangu. Kukusahau nimekosa, na nitajirekebisha. Lakini wagonjwa wamekukosea nini?"

Chiriku akainamisha kichwa.

"Msaidizi anamtii yeyote anayemwandikia," mama akasema. "Hajui njaa wala mgonjwa. Ndiyo maana hatumwachii afanye atakalo, tunamkagua kabla hajaharibu. Yeye tumemwekea kizuizi. Wewe nikuwekee kipi?"

Chiriku akafuta machozi. "Nitajizuia mwenyewe, mama."

"Haya basi. Wivu ukikupanda, usiguse kitu. Nawa mikono kwanza, ufikirie nani ataumia."

Chiriku akainuka, akaenda kunawa.