Mkunjo wa Shangazi

"Badilisha mashuka saba-moja-nne. Kabla ya saa nne."

Sauti kwenye redio ya Motorola ilikuwa ya Shangazi, msimamizi wa wahudumu wa vyumba. Abiria yeyote angeisikia angedhani ni kazi za kila asubuhi.

Sindano alijua ni amri ya kijasusi. Ingia chumba 714. Chukua mzigo. Toka hai.

Alitupia jicho saa yake ya Casio. Saa tatu na dakika thelathini na tisa.

Alisukuma toroli la mashuka taratibu, kama mtu asiyedaiwa haraka na yeyote. Nje ya dirisha, kisiwa cha barafu kilikuwa kimejaa pengwini. Kwa miezi minane meli hii ya watalii ilikuwa imemfikisha mahali ambapo hata ramani ya darasa lake la jioni haikupaonyesha: visiwa vya volkano, ghuba za nyangumi, mji wa watu arobaini na posta moja. Kote huko alimpigia picha binti yake wa miaka minne, aliyebaki kwa bibi yake. Kote huko alitandika vitanda vya watu huku akipekua mabegi yao.

Abiria wa 714 aliitwa Profesa. Siku tatu nyuma alikwenda kwa boti ya mpira hadi kwenye kambi ya kijeshi iliyotelekezwa barafuni, akarudi na kisanduku cha chuma. Ndani, vichupa sita vya sumu. Kimoja tu kikifunguliwa kwenye kituo cha treni, hakuna ambaye angeufikia mlango. Tangu siku hiyo kibao cha "Usinisumbue" kilining'inia mlangoni, na hakuna mhudumu aliyeruhusiwa kuingia.

Alichomeka kadi. Taa ya kijani.

Hakukuwa na mtu. Alitoa bisibisi iliyofichwa kwenye mpini wa brashi, akafungua ubao wa chini ya sinki. Kisanduku kilikuwepo. Akakishika kwa mikono mitupu, akakifungua.

Kitupu.

Aliinua macho, na hapo ndipo moyo ulipomlipuka.

Ncha ya karatasi ya chooni ilikuwa imekunjwa.

Kila mhudumu akimaliza chumba huikunja ncha ile pembetatu. Mkono hujiendea wenyewe, hata mwenyewe akiwa na mawazo mbali. Lakini pembetatu hii ilikuwa na kijincha kilichorudishwa nyuma, kama sikio la paka. Melini alikuwepo mtu mmoja tu wa kukunja hivyo.

Ndiye aliyemfundisha Sindano kutandika kitanda, kufungua kufuli na kulenga shabaha. Ndiye aliyemshika mkono siku ya kujifungua, akamchagulia mtoto jina.

Shangazi.

Amri ile waliijua watu wawili tu. Kadi yake sasa ilikuwa kwenye kumbukumbu za mlango. Alama za vidole vyake zilikuwa kwenye kisanduku. Alikuwa ameingizwa mtegoni kama kuku anayefuata mtama.

Motorola ikakwaruza. Nesi wa meli.

"Abiria wa 714 kazimia. Helikopta inatua saa nne kamili. Shangazi, tuletee mablanketi."

Mablanketi! Sumu ingetoka melini ndani yake.

Sindano alitimua mbio.

Alimkuta Shangazi kwenye stoo ya mashuka, anakunja blanketi la bluu kwa upole, kama anayefunika mtoto.

"Umewahi, mwanangu."

"Nimeuona mkunjo wako."

Shangazi alitazama vidole vyake, akacheka kidogo. "Mkono huu! Nilijua utaniumbua siku moja."

Alipogeuka alikuwa na bastola, Glock.

"Kwa nini, Shangazi?"

"Miaka kumi na tisa naambiwa safari moja tu, kisha nyumbani. Dunia nzima nimeiona kwa kupangusa madirisha yake. Umeshamwona nani wa kwetu akarudi kwao? Watu wa Profesa watanishusha hadi mlangoni kwangu."

"Na mimi?"

"Makao makuu wameshaambiwa umegeuka. Watakusubiri bandarini."

"Mwanangu ataambiwa mama yake msaliti. Wewe uliyempa jina!"

Kidole cha Shangazi kilianza kuvuta kifyatulio. Hakikufika mwisho.

"Usinitazame hivyo," Shangazi alisema. Akabeba blanketi, akatoka, akafunga mlango kwa nje.

Dakika nane.

Hakulia. Baadaye.

Kulikuwa na njia moja tu: tundu la kutupia nguo chafu. Sindano alipewa jina hilo kwa wembamba wake. Alivuta pumzi, akajitupa. Sitaha tano alizishuka kwa mgongo, akatua juu ya lundo la taulo mbichi mbele ya dobi.

"Dada! Siku hizi unakuja kufuliwa?"

"Nipe blanketi kavu."

"La abiria au la..."

"Lolote, kaka, haraka!"

Lifti ya wafanyakazi. Sitaha ya juu. Upepo wa barafu ulimpiga kibao usoni. Helikopta ilikuwa imeshatua, panga zikizunguka. Nahodha, daktari na walinzi wanne walisimama kuizunguka machela. Juu yake alilala Profesa, amefumba macho, blanketi la bluu kifuani. Shangazi alikuwa pembeni, mkono mfukoni.

Sindano alitembea. Nani humtazama mhudumu?

"Samahani, daktari. Hilo lina unyevu. Mgonjwa ataganda huko angani."

"Vizuri, badilisha upesi."

Shangazi alifungua mdomo. Mbele ya nahodha angesema nini?

Sindano alishika blanketi la bluu, akavuta. Halikuja. Akavuta tena. Vidole vya mtu aliyezimia vilikuwa vimeling'ang'ania.

"Daktari," Sindano alisema, "mgonjwa wako ana nguvu."

Akavuta kwa uzito wake wote. Profesa akaketi wima kama aliyefufuka. Blanketi likakunjuka, na mkanda wenye vichupa sita vya chuma ukaanguka kwenye sitaha.

Kling.

Havikupasuka.

"Mkamateni!" nahodha alifoka. Profesa alipiga hatua mbili tu. Sindano alimkata mtama, walinzi wakammalizia. Helikopta iliruka bila kuaga.

Glock ilikuwa imeshatoka mfukoni mwa Shangazi. Sindano alimsogelea hadi mdomo wa bastola ukagusa aproni yake mwenyewe.

"Kule chini ulishindwa," alisema polepole. "Utaweza hapa?"

Shangazi alitoa kidole kwenye kifyatulio. Kisha akamwekea bastola kiganjani, kitako mbele, kama alivyomfundisha kumpa mtu silaha.

"Mwambie mtoto..."

"Sitamwambia kitu."

Walinzi walimchukua. Sindano alibonyeza kitufe cha Casio, iliyoficha redio ya kuwasiliana na makao makuu.

"Nanga, hapa Sindano. Mashuka yamebadilishwa."

Makao makuu wakajibu: "Tuliambiwa umegeuka."

"Aliyewaambia yuko chini ya ulinzi. Nahodha ni shahidi."

"Pole, Sindano. Rudi nyumbani."

"Nitawakumbusha neno hilo."

Alipiga picha moja ya pengwini, akashuka kulirudia toroli lake. Alimaliza chumba 715: kitanda, sinki, vioo. Chooni mkono wake uliifuata karatasi wenyewe, ukaanza kukunja.

Akauzuia.

Aliiacha ncha ikining'inia, akazima taa, akasukuma toroli kuelekea 716.