Herufi Iliyohamishwa Kimyakimya

Fafali alikuwa akisonga akple, ugali wa kwao, jikoni kwake, mjini Ho. Shangazi yake, Tasi Dzigbordi, alikaa mlangoni akimchokoza.

"Hiyo kompyuta yako bado haijui alfabeti?"

"Tasi, jamani! Nimeirekebisha jana."

"Basi leo nakula mara mbili."

Tasi alikuwa mwalimu mstaafu wa Kiewe, lugha yao. Miaka yote alinung'unika kwamba kompyuta inachanganya majina ya Dz na majina ya D. Katika Kiewe, Dz ni herufi kamili, na ina mahali pake, baada ya D. Fafali na wenzake walitengeneza programu huria ya kutunza kumbukumbu. Mtu yeyote angeweza kuichukua bure, kuisoma na kuirekebisha. Zahanati nyingi zilitunzia humo mafaili ya wagonjwa.

Kwa rekebisho lile la Dz, toleo la 4.2 likawa 4.3. Katika tangazo Fafali aliandika mstari mmoja tu: "Mpangilio wa herufi umeboreshwa." Alijivuna sana. Nani asingejivuna?

Wiki ya tatu Tasi alikwenda kwao, karibu na Kpando. Huko akapatwa na homa kali, akafikishwa zahanati akiwa hajitambui. Muuguzi akatafuta jina lake kwenye kompyuta, iliyokuwa tayari na toleo la 4.3. Halikuonekana. Akafungua faili jipya, akampa dawa yenye salfa. Faili la zamani lilikuwa na onyo kwamba dawa hiyo inamdhuru.

Ngozi ilimbabuka mwili mzima. Alipona ngozi, lakini macho hayakupona; hakuona tena.

Fafali alimpigia simu Efo Kekeli, mkubwa wao katika kazi ile. Alikuwa analia.

"Efo, jina la Tasi limefutika!"

"Halijafutika, limo. Faharasa, ile orodha ya kutafutia majina, ilipangwa kwa utaratibu wa zamani. Programu mpya inatafuta kwa utaratibu mpya. Umehamisha chumvi jikoni bila kumwambia mpishi. Anapapasa pale pale, anasema chumvi imekwisha."

"Lakini utaratibu mpya ndio sahihi!"

"Nani kakataa? Kosa ni kuubadilisha kimyakimya. Na mimi nilisoma mstari wako, nikaupitisha. Tumekosa wote."

"Sasa tufanyeje?"

"Leo hii tuwaambie watu warudi 4.2 na wapange faharasa upya, maana majina ya wiki hizi yameingia kwa utaratibu mwingine. Tuseme wazi kwa nini. Halafu tutoe 5.0. Namba ya mbele ikibadilika, watu wanajua kuna jambo kubwa. Programu ikikuta faharasa ya zamani, isibahatishe. Isimame, iseme. Na safari hii ujaribu kwa kumbukumbu za zamani, dada, si kwa daftari tupu."

Kazi ilichukua miezi mitano. Toleo la 5.0 lilipokuwa tayari, Fafali alimsomea Tasi tangazo.

"'Mpangilio wa herufi umeboreshwa...'"

"Umeboreshwa!" Tasi alimkatiza. "Neno hilo lilimwambia nini yule muuguzi? Futa."

Fafali alifuta. Akaandika: "Tumebadilisha mpangilio wa herufi. Panga upya faharasa kabla ya kutafuta jina lolote. Usipofanya hivyo, majina ya baadhi ya wagonjwa hayataonekana." Chini yake akaeleza hatua, moja baada ya moja.

Mwezi uliofuata muuguzi wa Kpando alipiga simu. Programu ilikuwa imegoma kutafuta, ikamwonyesha tangazo. Alifuata hatua zote.

"Majina yote ya Dz yametokea," alisema.

"La Tasi?"

"Lipo. Na onyo lake lipo."

Fafali alimpelekea Tasi habari ile. Tasi akanyoosha mkono, akapapasa ukuta kando ya kiti chake.

"Vizuri, mwanangu," alisema. "Sasa niambie, fimbo yangu umeihamishia wapi?"

Fafali alikuwa ameisogeza asubuhi alipokuwa akifagia. Aliichukua, akairudisha pale pale ilipokuwa, akaushika mkono wa Tasi na kuuweka juu yake.