Uko Muzima, Kapya?

Jumamosi, soko la mtaa wa Kenya, Lubumbashi, watu wamebanana hata pa kutia mguu hakuna. Na huyu kijana mwenye shati jeupe na viatu vinavyong'aa amechuchumaa, ananusa samaki wakavu wa ziwani Pweto mmoja mmoja!

"Aka! Papa, unanunua ao unasali?" Wivine, mwenye meza ya samaki, alimwuliza, mkono kiunoni. Kikwembe chake, kitenge cha manjano, kilimkaa vizuri, naye alijua.

"Natafuta ile haiko na wadudu."

"Samaki yangu inanuka samaki. Weye unanuka moshi, na tunakuvumilia."

Kijana akacheka mpaka akaketi chini. Aliitwa Kapya, injinia wa tanuru katika kiwanda cha kuyeyusha shaba, mmoja wa weusi wa kwanza kukabidhiwa kazi ile tangu Serikali ichukue machimbo na wazungu waanze kufunga masanduku yao.

Wivine naye alikuwa anacheka, lakini aliposikia kazi hiyo kicheko kikafa. Baba yake aliingia mlango wa kiwanda kilekile asubuhi moja, akatolewa amefunikwa blanketi. Mama yake, Mama Angélique, alikuwa amemwapisha asikanyage pale maisha yake yote.

Lakini Wivine alikwisha kumpenda Kapya, angefanyaje? Wakapatana jambo moja. Kila alasiri, zamu ikiisha, Wivine angeingia duka la Mgiriki pale sokoni na kupiga simu tanuruni.

"Uko muzima?"

"Niko muzima, chérie. Samaki bamekwisha?"

"Bamekwisha. Rudi na nyusi zako zote mbili!"

Akikata simu ndipo alipoweza kumeza chakula. Mapenzi gani haya, alijiuliza, ya kutetemeka kila siku?

Siku moja mteja akamwambia kwamba Kapya amepewa kazi ya ofisini na ameikataa. Kila mtu sokoni alijua, isipokuwa yeye. Wivine akakimbilia simu.

"Bamekupa kazi ya biro, weye unakataa? Na miye haunambie?"

"Wivine, nikitoka ku tanuru leo, batasema muntu mweusi alikimbia moto."

"Na weye hauogope?"

Kule tanuruni Kapya akageuza shingo. Nyuma yake walisimama wafanyakazi wake wote, masikio wazi.

"Hapana," akasema. "Siogope."

"Basi muntu asiyeogopa hana muntu anayemupenda. Usinitafute tena!"

Akakata. Kapya alipiga, Mgiriki akaita, Wivine hakwenda. Kiburi anacho, huyo! Ila kila alasiri, zamu ikiisha, alitazama upande wa duka la Mgiriki, na hakuwa na wa kumwuliza.

King'ora cha kiwanda kina saa zake, na mji mzima huzijua. Siku kilipolia nje ya saa zake, soko lote liliganda. Wanawake wakaacha hata watoto wachanga mikononi mwa majirani, wakakimbia.

Wivine alikimbilia simu kwanza. Ikalia. Ikalia tena. Hakuna aliyeinua.

"Mawe, mama wee! Kapya wangu!"

Alifika mlango wa kiwanda na ndala moja, mikono ikinuka samaki. Vumbi, vilio, moshi wa njano unaokwaruza koo. Mlinzi mmoja, mzee Chomba, alikuwa anawasukuma watu nyuma.

"Bibi za bafanyakazi tu baingie! Bengine nyuma!" Kisha akamtambua. "Weye mutoto ya Mama Angélique. Weye bibi ya nani hapa?"

Wivine akachungulia ndani. Uani kule ndiko mama yake alikosimama kungojea blanketi. Kujiita mke sasa hivi, kabla hajajua kama yu hai, kulikuwa kukubali ujane. Angeweza kugeuka arudi zake sokoni, na hakuna ambaye angemlaumu.

"Miye bibi ya Injinia Kapya!" akapaza sauti, umati mzima ukasikia.

Chomba akapasha habari ndani kwamba bibi ya Injinia amefika, naye akaingia. Machela ya kwanza ilitoka, mtu juu yake akiugulia, na aliyeshika upande wa nyuma alikuwa Kapya, uso mweusi kwa masizi, nyusi zimeungua zote. Walipompakia mgonjwa kwenye gari ndipo alipomwona.

"Chomba anasema bibi yangu iko hapa," akasema polepole. "Tangu siku gani?"

"Tangu sasa hivi. Uko muzima?"

Kapya akafuta masizi usoni. "Naogopa, Wivine. Kila siku niko naogopa. Siku ile bantu balikuwa nyuma yangu, sikuweza kusema."

"Na leo je? Si bako hapa bote?"

"Baone tu."

Akatetemeka mbele ya wafanyakazi wake wote, na Wivine akamfunika kikwembe chake cha juu, akamshika hivyo. Mwezi uliofuata padri aliwafungisha ndoa, na Mama Angélique alilia tangu mwanzo wa misa mpaka mwisho.

Kapya akawa mkuu wa matanuru, watoto wakazaliwa, wakasoma, na simu ya alasiri haikukosa hata siku moja. Alipostaafu, mwishoni mwa miaka ya themanini, walihamia Kasungami, pembezoni mwa mji, na Wivine alicheza uani kama msichana. Hofu imekwisha!

Wapi! Juma lilelile mzee wake akaleta mashine ya kusaga mahindi, akaifunga mwenyewe nyuma ya nyumba. Inanguruma kutwa nzima. Ikinyamaza ghafla, Wivine huangusha mwiko, hushika fremu ya mlango, na moyo wake hurudi palepale mlangoni pa kiwanda.

"Kapya! Uko muzima?"

Naye hujitokeza upesi, mweupe kwa unga hadi kwenye kope.

"Naogopa kidogo, bibi yangu," humjibu. "Lakini niko muzima."