Zamu ya Ashiraf

Pedi ya gemu ilikuwa na joto. Bushiri alifungua banda lake la gemu pale Kewanja baada ya swala ya Ijumaa. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi na hakuna mtu aliyeingia, lakini pedi ya kushoto ilikuwa na joto la kiganja, tena inanuka udongo mbichi wa shimoni.

Kosa lilikuwa lake. Katika banda lile, mchezaji akitoka kwenda kununua vocha, mwenzake huweka pedi chini na kusema, "Zamu ya fulani," na hakuna anayeigusa mpaka mwenyewe arudi. Ashiraf, mdogo wake Bushiri, alifukiwa na shimo la wachimbaji kule Kerende, na Bushiri akamchimbua kwa mikono bila kumuwahi. Alikufa akililia toleo jipya la ile gemu ya mpira waliyokulia. Lilipofika, Bushiri aliweka pedi ya pili chini akasema kwa kwikwi, "Zamu ya Ashiraf." Mfiwa husema mengi, nani wa kumlaumu? Tatizo ni kwamba kuna wanaosikia bila kuitwa.

Toleo lenyewe lilikuwa limezua ubishi. Wiliam na vijana wenzake, ambao ile ya zamani waliisikia tu, walishangilia wakiitana mura, yaani kijana, kwa Kikurya.

"Mura, hata jasho linaonekana!"

Makoye, mchimbaji aliyecheza ile ya zamani na Ashiraf, alibetua mdomo. "Wamepaka rangi tu. Zamani kipa alikuwa anateleza, tunacheka mpaka machozi. Huyu hatelezi. Sasa tucheke nini?"

"Mzee, wewe unalilia ujana wako."

"Ndiyo. Utanirudishia wewe?"

Ijumaa ile umeme uliporudi, Bushiri aliwasha gemu, na mchezaji wa upande wa pili akaanza kukimbia. Vitufe vya ile pedi vilikuwa vinabonyea vyenyewe. Alikuwa ameshageukia mlango aliposikia sauti ya mdogo wake karibu na sikio.

"Kaka, cheza."

Akakaa, akacheza. Tangu siku hiyo akawa anawafukuza wateja mchana kweupe na kujifungia ndani. Alikonda. Nguo zake zilianza kunuka udongo, na mkewe Samira alizifua mara mbili mbili bila mafanikio.

"Baba Zaitun, unacheza na nani?"

"Na mdogo wangu."

Samira hakubishana. Alikwenda Tarime mjini kumleta Maalim Dullah, msomaji wa ruqya, kisomo cha kutoa majini.

"Anacheza kama Ashiraf?" Maalim alimuuliza Bushiri nje ya banda, kwa sauti ya chini.

"Anamzidi." Bushiri akaangua kilio. "Ashiraf hakujua kupiga penalti, Maalim. Akikosa anarusha pedi, ananitukana, halafu tunakula ugali sahani moja. Huyu hakosi. Hanitukani."

"Basi unajua si yeye."

"Najua. Lakini sauti ni yake, na mimi sina nyingine."

Maalim alimshika bega. "Nitasoma. Ila kinywa kilichomshikia zamu ni chako, nacho ndicho kitakachoifunga."

Wakaingia wawili, Samira akabaki nje ya mlango. Maalim alipoanza kusoma, mabati yalitetemeka ingawa hapakuwa na upepo, harufu ya udongo ikapanda mpaka Bushiri akahisi mchanga kwenye meno, na kwenye skrini wachezaji wote wakasimama, wakageuza nyuso zao nzuri zisizo na kasoro, wakamtazama yeye peke yake, huku vitufe vikibonyea haraka, haraka zaidi, kama kucha za mtu anayeparua ukuta kutoka upande wa pili.

"Kaka," sauti ikasema, "nilikusikia ukinichimbua kwa mikono. Kule chini ni giza. Usinirudishe."

Bushiri alimgeukia Maalim, akitamani aambiwe kwamba safari hii labda ni kweli, labda ni yeye. Maalim aliinamisha macho, akaendelea kusoma.

"Zamu ya Ashiraf imekwisha," Bushiri alisema, akaiokota pedi.

Sauti haikupiga kelele. Ililia tu kilio cha mtoto aliyeachwa njiani, ikawa inazidi kwenda mbali, "Kaka, kaka," mpaka ikabaki sauti ya Maalim peke yake.

Samira akasukuma mlango. "Ameondoka?"

"Nimemzika tena, mama Zaitun," Bushiri alisema. "Na safari hii alikuwa ananiita."